Manjano au buluu? Liulize dirisha kwanza

Hebu vuta taswira, mpenzi msomaji. Ni Jumamosi asubuhi, mwisho wa mwezi. Wewe na mwenzako mmesimama katikati ya sebule, viti na meza mmevisukumiza pembeni na kuvifunika kwa shuka kuukuu. Fundi wa rangi yuko mlangoni, brashi mkononi, anasubiri neno moja tu kutoka kwenu. Mwenzako anasema manjano. Wewe unasema buluu. Mtoto naye, ambaye hakuna aliyemwuliza, anasema waridi. Fundi anakohoa kidogo, kisha anawakumbusha kwamba siku yake inahesabiwa kuanzia saa mbili.

Mzozo wa aina hii umezikumba nyumba nyingi za mjini. Aghalabu huanza kwa mzaha na kuishia kwa mmoja kununa. Wala si ajabu. Rangi ya ukutani si shati ambalo likikuchosha unalitundika kabatini na kuvaa jingine. Familia nyingi hupaka nyumba mara moja, kisha zikakaa miaka mitano au zaidi kabla ya kupata pesa na nguvu za kurudia kazi hiyo. Ukikosea, utakula na kosa lako, utalala nalo na kuamka nalo.

Ndiyo maana leo tunazipambanisha rangi hizi mbili: manjano hafifu, ile inayokaribia siagi, na buluu iliyokoza kama sweta za shule nyingi za huku kwetu. Nia si kukuambia ipi ni nzuri, maana zote ni nzuri. Swali ni ipi itakayokifaa chumba chako. Jibu la swali hilo, kama utakavyoona, linaanzia dirishani.

USHINDI ULIOKUWA HASARA

Niruhusu nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2018 tulihamia nyumba ya kupanga huku Eastlands, Nairobi, orofa ya pili. Sebule ilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazamana na ukuta wa jumba la jirani, karibu mno hivi kwamba ungeweza kumpokeza jirani chumvi bila kutoka nje. Mwenye nyumba alituruhusu tupake rangi tuitakayo kwa gharama yetu.

Mke wangu alitaka manjano hafifu. Mimi nilikuwa nimeona buluu iliyokoza katika ofisi moja ya kifahari katikati ya jiji, nikaipenda hadi nikaiota. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe akaniambia, "Haya, Baba Watoto, paka unavyotaka." Nikashinda. Sikujua kwamba kuna ushindi ambao ni hasara.

Jumapili ya kwanza wageni waliisifu mno. Wakasema nyumba imekuwa kama hoteli. Lakini wageni walikuja usiku, taa zikiwa zimewaka, wakaenda zao. Sisi tulibaki. Taa ambayo awali tulikuwa tukiiwasha saa kumi na mbili jioni, sasa ilikuwa ikiwaka tangu saa nane mchana. Tukaongeza balbu ya pili. Hata hivyo chumba kilizidi kuonekana kama kinakaribia kunyesha mvua.

Lililonichoma moyo lakini ni jingine. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita, alianza kufanyia kazi zake za shule nje, kwenye ngazi za jumba. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba huko kuna hewa safi. Niliamini. Halafu siku moja mvua kubwa ikanyesha, upepo ukawa unaipuliza hadi kwenye ngazi, akalazimika kuingia ndani. Nilipopita nyuma yake nilimwona ameinamisha kichwa hadi pua ikakaribia kugusa daftari. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtoto hakuwa akitafuta hewa, bali mwanga. Alinificha kwa sababu alijua rangi ile ni yangu, nami naipenda.

Ile ofisi ya kifahari, nilikuja kukumbuka baadaye, ilikuwa na kioo kutoka sakafuni hadi darini kwa upande mmoja mzima. Ilikuwa na mwanga wa kuchezea. Sebule yangu haikuwa nao.

UKUTA HUKURUDISHIA NGAPI?

Sayansi ya jambo hili si ngumu. Mwanga unapogonga ukuta, sehemu yake hunyonywa na sehemu hurudishwa chumbani. Nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80. Manjano hafifu hurudisha kadiri ya asilimia 75. Buluu iliyokoza hurudisha asilimia 10 au hata chini ya hapo.

Chukulia kwamba dirisha lako linaukopesha ukuta shilingi 100 za mwanga. Ukuta wa manjano utakurudishia 75. Mwanga huo utakwenda kugonga ukuta wa pili, nao utarudisha 56 hivi. Utagonga wa tatu, zitabaki 42. Kwa njia hii mwanga mmoja unazunguka chumbani ukikutumikia mara kadhaa. Sasa tazama buluu. Ukuta wa kwanza unakurudishia shilingi 10. Wa pili unakurudishia 1. Wa tatu hauna la kurudisha.

Kwa hivyo tofauti ya rangi hizi mbili si ya mapambo tu. Katika chumba chenye dirisha kubwa linalotazama uwanja, unaweza kumudu mdeni mbaya kama buluu kwa kuwa una akiba. Katika chumba chenye dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani, utafilisika.

Jambo hili wahenga wetu wa Pwani walilijua kabla ya umeme kufika. Ukibahatika kuingia katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, mji ambao UNESCO uliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, utaona kwamba vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Vyumba hivyo hupangwa kimoja nyuma ya kingine, na mwanga huingia hasa kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo giza linavyozidi. Je, kuta walizipaka nini? Chokaa nyeupe. Na katika chumba cha ndani kabisa walijenga zidaka, yale matundu ya nakshi yaliyopangwa ukutani, nazo pia zikapakwa chokaa nyeupe zikang'ara. Hawakuweka rangi nzito mahali penye njaa ya mwanga.

RANGI MOJA, SURA TATU

Kosa lingine tunalolifanya ni kuchagulia rangi dukani. Unasimama chini ya taa kali za duka la vifaa vya ujenzi, unapewa kadi yenye vipande vya rangi visivyozidi ukubwa wa stempu, unaonyesha kidole kimoja, unalipa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi iliyokuvutia kwenye kadi inaweza kukugeuka nyumbani.

Sababu ni kwamba rangi haiwezi kurudisha mwanga ambao haukupewa. Balbu zenye mwanga wa manjano, zile zinazoandikwa 2700K kwenye pakiti, hutoa mwanga kidogo sana wa upande wa buluu. Chini ya balbu hiyo ukuta wa buluu hufifia na kuonekana wa kijivu au karibu mweusi, ilhali ukuta wa manjano hupata uhai. Ukiweka balbu ya mwanga mweupe, ile ya 6500K, buluu hufufuka, lakini manjano huweza kuonekana kama imepauka. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu rangi, itazame balbu.

Jua nalo lina mambo yake. Dirisha la mashariki huleta mwanga wa asubuhi wenye wekundu kidogo, kisha chumba hupoa mchana kutwa. La magharibi huwa tulivu asubuhi, halafu kuanzia saa tisa alasiri jua huingia moja kwa moja na kuumiza macho. Manjano katika chumba kama hicho, jioni, hugeuka kuwa kama chungwa na kukuzidishia ukali. Hapo buluu ni rafiki. Kwa madirisha ya kaskazini na kusini, kumbuka kwamba Nairobi iko kusini kidogo tu ya Ikweta. Kufikia Juni jua limesogea upande wa kaskazini, na kufikia Desemba limehamia kusini. Dirisha la kusini basi hukosa jua miezi ile ile ya baridi na mawingu. Anayepaka Januari akidhani chumba kina jua la kutosha, huenda akajuta Julai.

Sisi wa mjini tuna dirisha la tano ambalo vitabu havilitaji: lile linalotazama ukuta wa jirani. Hilo hupokea mwanga wa mkopo, tena mwanga uliokwishapakwa rangi. Jumba la jirani likiwa la matofali mekundu, mwanga unaoingia kwako una wekundu. Likiwa la kijani, utaona ukijani katika kila kitu, hata katika chai.

Viti na mapazia pia vina kauli. Mfaransa mmoja, Michel-Eugène Chevreul, alikuwa msimamizi wa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zilikuwa zimefifia. Alipochunguza, aligundua kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro. Ni rangi zilizokuwa zimefumwa kando yake zilizozifanya zionekane hivyo. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1839. Kwa lugha ya nyumbani: kochi lako la buluu litaonekana la buluu zaidi mbele ya ukuta wa manjano, na litapotea kabisa mbele ya ukuta wa buluu.

JE, RANGI HULETA UGOMVI?

Utasikia watu wakisema manjano huleta furaha, buluu huleta utulivu, nyekundu huleta fujo. Yaweza kuwa kuna chembe ya ukweli katika jinsi tunavyohisi, lakini usiipe rangi kazi ya mshauri wa ndoa.

Mwaka 1979 huko Seattle, Marekani, seli moja ya gereza la wanamaji ilipakwa waridi maalumu ikidaiwa kwamba rangi hiyo huwatuliza wafungwa wakorofi. Rangi ile ikapewa majina ya maofisa wawili wa gereza, Baker na Miller, na habari zake zikaenea. Hata hivyo, watafiti waliorudia majaribio hayo kwa makini baadaye hawakuweza kuthibitisha kwamba rangi ilikuwa na nguvu hizo. Hali kadhalika, usitarajie kwamba kupaka manjano ndani kutakipandisha kipimajoto mwezi wa Julai. Kinachobadilika ni hisia yako tu.

Lakini hisia nazo zina thamani yake. Ikiwa buluu inakukumbusha bahari ya kwenu Kilifi, au manjano inakukumbusha jiko la nyanya yako, hiyo ni sababu ya haki kabisa. Ninachosema ni kwamba liulize dirisha kwanza, kisha uuulize moyo.

MFUKO UNASEMAJE?

Tufanye hesabu pamoja. Sebule ya mita 4 kwa mita 3.5 ina mzunguko wa mita 15. Kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7, unapata mita mraba 40.5. Toa mlango na dirisha, zinabaki 37 hivi. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita mraba 10 kwenye ukuta uliolainishwa vizuri. Ukipaka mara mbili, utahitaji lita 7 na nusu, yaani makopo mawili ya lita 4. Fundi akikuambia ununue ndoo ya lita 20 kwa chumba kama hicho, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Sasa, ulinganisho. Kutoka rangi hafifu kwenda nyingine hafifu, kupaka mara mbili hutosha. Kutoka hafifu kwenda buluu iliyokoza, mara nyingi utapaka mara tatu, la sivyo mistari ya brashi na rola itaonekana. Balaa huja unaporudi. Kuifunika buluu kwa manjano hakuwezekani kwa kupaka juu juu. Inabidi upake kwanza rangi nyeupe ya chini, ikauke, kisha manjano mara mbili au tatu. Ukikosea kwa manjano, hasara yako ni ndogo. Ukikosea kwa buluu, utalipa karibu mara mbili kurekebisha.

Wapangaji tahadharini hapa. Mikataba mingi ya nyumba hutaka uirudishe nyumba kama ulivyoikuta, ama gharama ikatwe kwenye amana yako. Ruhusa ya mdomo husahaulika. Iombe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na uuhifadhi.

Kuhusu uchafu, kila moja ina aibu yake. Manjano hafifu huonyesha viganja vya watoto, masizi ya jiko na alama za kalamu. Buluu iliyokoza huficha viganja, lakini huonyesha vumbi, mikwaruzo na chokaa inayochungulia mahali kiti kilipogonga. Kwa ukuta unaoguswa sana, rangi ya mafuta ni bora kuliko ya maji, kwa kuwa huoshwa kwa kitambaa na sabuni bila kubanduka.

SUMU ILIYOJIFICHA

Kabla fundi hajagusa ukuta, kuna jambo moja zito. Kwa miaka mingi viwanda duniani vilitia madini ya risasi katika rangi, hususan zile zenye kung'aa kama manjano, nyekundu na chungwa. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo katika nyumba za watu mwaka 1978. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Shirika hilo, pamoja na lile la Mazingira la Umoja wa Mataifa lililo hapa Gigiri, Nairobi, yanapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika kila milioni moja.

Nyumba yako ikiwa ya zamani, usimruhusu fundi apige msasa mkavu ilhali watoto wamo ndani. Vumbi lile hutua sakafuni, kwenye vyombo na hatimaye kinywani. Ukuta uloweshwe kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, na watoto wapelekwe kwa shangazi mpaka kazi iishe. Na unaponunua manjano inayometameta, soma kopo. Lisiloeleza chochote kuhusu risasi, lirudishe kwenye rafu.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Utajuaje basi? Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi. Chukua karatasi mbili kubwa za manila, upake kila moja rangi yake mara mbili, uziache zikauke usiku kucha, maana rangi ya maji mara nyingi hukoza kidogo inapokauka. Zibandike ukutani kwa gundi ya karatasi, moja karibu na dirisha na nyingine katika pembe ya mbali, kisha uzibadilishane siku ya pili.

Zitazame nyakati tatu: saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa moja usiku taa ikiwa imewaka. Muwepo nyote wawili. Usisahau pia kwamba rangi ikienea kuta zote nne huonekana nzito zaidi ya ilivyo kwenye karatasi, kwa kuwa kila ukuta huutupia mwenzake rangi yake. Ukipenda buluu fulani, chagua iliyo hafifu kwa ngazi moja au mbili.

Kwa muhtasari: chumba cha mwanga haba, sebule ya kusomea watoto na ushoroba usio na dirisha, vyote hivyo ni vya manjano. Chumba cha jua kali la magharibi ni cha buluu. Vivyo hivyo chumba cha muuguzi au askari anayelala mchana baada ya zamu ya usiku, naye aongeze pazia zito.

KILICHOTOKEA KWETU

Bila shaka unataka kujua tulimalizia wapi. Baada ya ile siku ya mvua, nilimwendea mke wangu nikakiri. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Tulipomwita fundi tena, yule mzee alizunguka sebule mara moja, akaliangalia dirisha, akasema, "Mkubwa, kwa nini msifanye kama darasani?"

Tulimwelewa papo hapo. Nawe pia ukikumbuka shule uliyosomea, pengine utaona ukuta uliogawanywa kwa mstari: chini rangi nzito ya mafuta, kimo cha mita moja hivi, na juu rangi hafifu. Mke wangu alishtuka kidogo. "Nyumba yangu si zahanati!" akasema. Lakini fundi aliendelea kutueleza taratibu. Sehemu ya chini ndiyo inayopigwa na viti, mabegi na viganja vya watoto, na ndiyo inayopata mwanga kidogo zaidi. Ya juu ndiyo inayoutawanya mwanga wa dirisha. Kila rangi ingefanya kazi inayoiweza.

Tulitumia kopo moja la lita 4 la buluu ya mafuta kwa chini, na lingine likabaki na akiba. Kwa juu tuliweka rangi nyeupe ya kufunika kwanza, kisha lita 5 za manjano hafifu. Dari ikawa nyeupe. Mstari wa kugawanya fundi aliupiga kwa uzi, akaufunika kwa utepe mwembamba wa mbao uliopakwa nyeupe, na hapo zahanati ikatoweka, ikabaki sebule.

Taa ilirudi kuwashwa saa kumi na mbili na nusu. Sikumwambia binti yetu lolote. Wiki ya pili tangu rangi ikauke na harufu iishe, nilirudi kutoka kazini mapema nikapanda ngazi. Hakukuwa na mtu ngazini. Nilimkuta mezani, mgongo umenyooka, daftari liko mahali pake. Nilimwuliza, huko nje hewa imekuwaje? Alitabasamu, akaendelea kuandika.

Basi, msomaji, kabla hujamwita fundi na kabla hujamnunia mwenzako, fanya jambo moja leo hii. Usiukunje ukurasa huu. Ngoja ifike saa kumi alasiri, zima taa zote, uende nao katika pembe ya sebule iliyo mbali kabisa na dirisha, uketi, ujaribu kusoma maandishi haya. Ukiyasoma bila taabu, endeleeni kubishana kwa amani, maana chumba chenu kitaibeba rangi yoyote. Ukilazimika kuusogeza ukurasa puani, dirisha lako limekwisha kukujibu.